Winchi ya Marehemu

Shemeji yangu alipokuwa akija kunipa pole, nilikuwa naona miguu yake tu. Nilikuwa nimekaa eda, na pazia la mlango wangu lilikuwa fupi, limeruka kwa kufuliwa sana. Basi kila akija naona makubadhi yamesimama upande wa pili, vidole vimeinuka kidogo, kama mtu anayetega sikio.

"Pole, shemeji."

"Nishapoa."

"Huna shida yoyote?"

"Sina, alhamdulillahi."

Na makubadhi hayaondoki. Nikisahau nikatia mkono sandukuni, chuma kikagonga chuma, naona vidole vinajikunja.

"Hicho kinacholia ni nini?"

"Vyuma vya ndugu yako."

"Vyuma gani?"

"Vya winchi."

"Ahaa," anasema. Lakini ilikuwa ahaa ya mtu ambaye hajaamini hata nusu.

Nieleze kwanza hivyo vyuma, maana hata hapa mtaani kwetu Kariakoo watu wengi hawakuvielewa, na huko kutoelewa ndiko kulikoleta mambo yote.

Marehemu mume wangu alikuwa bandarini, kazi yake kutia grisi winchi zinazotoa mizigo kwenye matishari. Siku moja akaenda mnadani kule Uzunguni, Mzungu mmoja anarudi kwao anauza vyombo. Wenzake walinunua viti na masufuria. Yeye akarudi na sanduku la mbao lenye vyuma vya kuchezea: vipande vyembamba virefu vyenye matundu mstari mzima, magurudumu madogo, gia za shaba, skrubu na nati zake, spana kama ya mwanasesere, na bisibisi. Ni vitu vya watoto wa Kizungu. Unavifunga pamoja unapata gari au daraja. Ukichoka unafungua, unatengeneza kingine.

Nikamwuliza, "Haya, binti yako ndiye atakayecheza na haya?"

"Nitacheza mimi."

Nikadhani ananitania. Wapi! Jumapili ilipofika, siku yake ya kupumzika, akatandika gunia sakafuni, akakaa kitako, akaanza kufunga. Sandukuni mlikuwa na karatasi ya picha za kufuatisha. Aliitazama kidogo akaiweka kando. "Hizi picha ni kazi za mtu mwingine," akasema. "Mimi nitajenga ninachokiona kazini." Vile vipande virefu akaviita mbavu, na mpaka leo nyumbani kwangu vinaitwa mbavu.

Mbavu zikawa hazimtoshi. Akaanza kutoka Jumapili asubuhi, amevaa kanzu safi, harudi mpaka adhuhuri. Nikimwuliza anatoka wapi ananiambia, "Natafuta mbavu." Jamani! Mwanamke gani atakubali jibu hilo? Mimi ni mtu wa swala zangu, sipendi kumdhania mtu mabaya, lakini nilijifunga buibui nikamfuata. Nikajificha nyuma ya matenga ya machungwa pale karibu na soko. Nikamwona anaingia duka la yule Mwarabu wa Hadhramaut anayeuza misumari na makufuli. Nikasema moyoni, sasa atatokea huyo mbavu. Nikangoja. Hakutokea mtu. Nikachungulia: mume wangu amechuchumaa mbele ya debe la vyuma chakavu, mikono imemjaa kutu mpaka viwiko, anapekua. Akapata gurudumu moja la meno, akaliinua kwenye mwanga, akacheka peke yake.

Sikuwahi kumwona anacheka vile. Nikaingia dukani nikachuchumaa upande wa pili wa debe.

Hakushtuka. Akaniambia tu, "Tafuta yenye meno madogo."

Mwarabu akatutazama, mkono kiunoni. "Mke na mume, watu wazima wote wawili, mnanunua vichezeo. Akili mnazo nyie?"

"Akili tunazo," mume wangu akamjibu. "Gia ndiyo hatuna."

Ndivyo nilivyoingia. Tukawa tunakusanya pamoja, leo debe la Mwarabu, kesho mnada, keshokutwa fundi wa baiskeli wa Mnazi Mmoja ambaye alikuwa akituwekea vibolti vidogo. Mume wangu alijenga vitu vya bandarini na vya relini. Mimi nilikuwa naingia darasa la jioni wakati ule, mke wa mwalimu mmoja alitufundisha wanawake kusoma na kuandika, na kalamu ilikuwa imeshanizoea mkono. Basi mimi nikawa mchoraji. Ananiambia anachotaka, nakichora nyuma ya karatasi ya kufungia sukari, halafu tunabishana wapi pa kutia nati.

Kitu alichokitaka kuliko vyote ni winchi. Na winchi aliipata, mkono mrefu, roda juu ya kupitishia kamba, ndoana, mpini wa kuzungushia. Inainua vizuri kabisa. Lakini ukiuachia mpini, mzigo unaanguka puu! na mpini unazunguka kama umepagawa. Ulimgonga vidole mara nyingi. Angeweza kuufunga kwa uzi au kuuzuia kwa kijiti, nilimwambia hivyo. Akakataa. "Winchi ya kweli haifungwi kwa uzi. Nataka nikiachia mkono, ishike yenyewe." Zile za bandarini alikuwa anazijua kwa nje, kwa grisi, namna zinavyoshika ndani hakuwahi kufunguliwa akaonyeshwa. Akajaribu hivi, akajaribu vile. Kisha homa ikamchukua, naye akaondoka winchi iko juu ya kabati, haijashika.

Kwa hiyo nilipokaa eda nilikuwa na mambo mawili: dua zangu, na ile winchi. Sitoki, sijipambi, nimejifunga kaniki nyeusi, na mbele yangu kazi ambayo mume wangu hakuimaliza. Nikajisemea, hii nitaimaliza mimi. Nataka siku moja niache mkono, nione imeshika.

Ndiyo maana vyuma vilikuwa vinalia.

Nyumba yetu ni kama zote za huku, vyumba huku na huku, ukumbi katikati, uani nyuma, na kila chumba kina mpangaji wake na masikio yake. Chumba cha mbele alikuwako shoga yangu muuza vitumbua. Akawa ananiletea uji asubuhi, anakaa kitandani, macho yake yanazunguka chumba kizima.

"Shoga, watu wanasema unahesabu."

"Nahesabu nini?"

"Mimi sijui. Wanasema mjane halii, anahesabu. Kla, kla, kla. Marehemu si alikuwa bandarini? Bandarini kuna vitu vingi."

Nikafunua sanduku nikamwonyesha. Akatazama zile nati, akatazama uso wangu, akatazama nati tena.

"Na chini yake?"

"Chini yake mbao."

"Haya," akasema. Akanywa uji wangu mwenyewe kidogo. "Lakini mimi ningekuwa wewe ningelileta chumbani kwangu mapema. Shemeji yako akija kugawa mirathi hatalikuta. Mimi nitalifunika kwa unga."

Nikamwambia hapana. Mali ya marehemu ni ya warithi, siwezi kuficha hata nati moja halafu nisimame kuswali. Akaguna. Sikujua ni nani aliyempelekea shemeji habari za kla kla, lakini miguu ya shemeji ilianza kuja mara nyingi zaidi, na kila ikija hainisikilizi mimi, inasikiliza sanduku.

Nilimhofia yule mtu. Sitaficha. Alikuwa mkubwa wa marehemu, anauza mkaa Ilala, na hakuwahi kuwa mkarimu. Sasa ghafla kila siku shida yangu ni nini, nimekula nini. Siku moja aliniletea samaki. Nikamkalia yule samaki muda mrefu kabla sijampika, namtazama, najiuliza amekuja kutafuta nini.

Dawa ya winchi niliipata kwa huyo huyo shoga yangu. Alikuwa amembeba mjukuu wake mgongoni, anakoroga unga wa vitumbua uani, mimi namtazama kupitia dirishani. Mtoto akawa anajitupa nyuma, anataka kushuka. Kila akijitupa, mbeleko inakaza. Akitulia na kuinuka kidogo, mbeleko inalegea. Hakuna mkono ulioishika. Uzito wa mtoto ndio unaomshika mtoto.

Nikaacha sindano iliyokuwa mkononi. Upindo wa kaniki yangu ulikuwa umeanza kuchanika, nikaumalizia, nikapata utepe mrefu. Nikauzungusha kwenye lile pipa dogo linalokunja kamba. Ncha moja nikaifunga fundo kwenye ubavu wa winchi, ncha ya pili nikaifunga kwenye kipande cha chuma kinachoning'inia, nikakitia nati kadhaa kiwe kizito. Nikainua kufuli la sanduku kwa ndoana. Mpini ukazunguka vizuri, utepe umelegea. Nikasema bismillahi, nikaachia mkono.

Kufuli likabaki hewani.

Nililia siku ile kuliko siku ya maziko. Na nje nikasikia ukumbini mtu amesimama, anasikiliza mjane analia.

Nilipotoka eda, shehe wa mtaa wetu akaja kugawa mirathi. Tukakaa uani juu ya mkeka, mimi na binti yangu tumejifunika upande mmoja, shemeji upande wa pili, na wapangaji wote wamepata kazi ya kufanya palepale uani. Vitu vikatolewa: kitanda, saa ya ukutani, cherehani, baiskeli, nguo zake, na sanduku, winchi juu yake. Sisi hatukujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo kaka yake alikuwa mrithi pamoja nasi, tena fungu lake kubwa kuliko langu. Hilo nalijua na silipingi, ni sheria ya Mungu.

Shehe akaniuliza kama nina neno. Nikasema, "Cherehani apewe mwanangu. Mimi kitanda sikitaki, saa siitaki. Katika fungu langu nipeni sanduku hilo tu."

Kinu kilichokuwa kikitwangwa uani kikasimama.

Hapo nilikosea. Ningesema nataka kitanda, pengine wangenitupia sanduku kama nyongeza. Lakini mtu mzima gani anaacha kitanda cha chuma anachagua vichezeo? Niliona shemeji anavuta miguu yake chini ya kanzu.

"Kwa nini?" akauliza.

"Nalipenda."

"Unapenda nini humo?"

"Winchi. Ilikuwa ya mume wangu, nimeimaliza mimi."

"Hebu iendeshe tuone," shehe akasema.

Nikaivuta mbele, nikapachika kufuli, nikazungusha mpini, nikaachia mkono. Kufuli likabaki linaning'inia. Wapangaji wakasema "Ooo!" wote pamoja. Shehe akatabasamu, akaligusa kwa ncha ya fimbo yake, likapembea, halikushuka.

Lakini shemeji hakutabasamu. Akainuka, akaizunguka ile winchi, akainama akaitazama chini, akagonga sanduku kwa vidole, akalitegea sikio.

"Umeficha kitu, shemeji."

"Wallahi sijaficha."

"Basi kwa nini unalitaka?"

"Nimeshakuambia."

"Mtu hawezi kutaka kitu kwa sababu hiyo," akasema. Akamgeukia shehe. "Kitanda apewe yeye. Saa apewe yeye. Mimi fungu langu nataka sanduku na baiskeli."

Shoga yangu akanong'ona nyuma yangu, kwa sauti ya kusikika mpaka Magomeni, "Si nilikwambia uliweke kwenye unga!"

Na shemeji akamsikia. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepata alichokuwa anatafuta.

Shehe akaniuliza kama nimeridhika. Ningesema nini? Yeye ni mrithi, na amechukua pungufu ya haki yake. Nikasema nimeridhika. Shemeji akalifunga sanduku nyuma ya baiskeli ya marehemu, winchi imesimama juu, akaenda nalo Ilala. Nikabaki na kitanda. Nililala juu yake sina raha hata kidogo, maana kila nikijigeuza chuma chake kinalia kla.

Ramadhani ikapita. Binti yangu akaniambia, "Mama, yule Mwarabu anakuuliza. Anasema amekuwekea gia." Nikamjibu gia ya nini mimi sasa. Sikupita tena mbele ya lile duka. Nilikuwa nazunguka upande wa pili wa soko, kwa wauza ndizi.

Ndipo Ijumaa moja baada ya swala, mimi nachambua mchele uani na shoga yangu anakaanga vitumbua, nikasikia hodi. Shemeji. Amesimama ukumbini, uso umepauka, na sanduku, winchi juu yake, amelishika kwa gunia. Hakuligusa kwa mkono mtupu. Akaliweka chini mbali kidogo na miguu yake.

"Chukua kitu chako," akasema.

"Kuna nini?"

"Unajua kuna nini."

"Sijui, shemeji. Kaa."

"Sikai." Akamtazama shoga yangu, akanitazama mimi, akashusha sauti. "Nimefungua kila kitu. Nati moja moja. Nimetafuta chini, nimetafuta pembeni, sikuona mali. Nikaona lile fundo."

"Fundo gani?"

"La kitambaa cheusi! Kitambaa cha eda, kimezungushwa, kimefungwa fundo huku na huku. Mtu aniambie mimi kitu kile ni nini? Nikasoma niliyoyajua, nikakikata kwa kisu, nikaenda kukitupa baharini. Nikarudi, nikafunga vyuma kama vilivyokuwa. Nikainua jiwe. Nikaachia mkono. Likaanguka. Nguvu imeondoka. Kwa hiyo sasa najua ilikuwa nguvu ya nini."

Shoga yangu akasahau vitumbua, moshi ukaanza kutoka kikaangoni.

"Na tangu siku ile mkono huu unaniuma," shemeji akaongeza, akatuonyesha mkono.

Niseme ukweli wangu. Nilikuwa na sanduku miguuni pangu. Analiogopa. Nikikaa kimya tu, nisiseme ndiyo wala hapana, litakuwa langu maisha yangu yote, na hatarudi tena na miguu yake mlangoni kwangu. Shoga yangu alilijua hilo. Alinikanyaga kidole kisirisiri. Lakini kukaa kimya ingekuwa kukubali kwamba nimefunga dawa, mimi ninayeomba kwa Mungu mmoja, tena nimeifunga juu ya kazi ya marehemu. Na sanduku lenyewe lingekuwa langu kwa kumtisha mtu. Sikulitaka hivyo.

"Shemeji," nikasema, "ile haikuwa dawa. Ile ilikuwa breki."

"Breki?"

"Kama ya baiskeli yako. Umetupa breki baharini."

"Usinifanye mtoto."

"Kaa nikuonyeshe."

"Sitashika kitambaa chako chochote."

"Basi toa leso yako."

Akasita. Akatoa leso yake mfukoni, ya miraba, akaitazama kama anaiaga. Nikamwambia aichane mwenyewe. Akaichana. Nikamwambia aizungushe mwenyewe, afunge mafundo mwenyewe, mimi nikiwa nimeiweka mikono yangu juu ya ungo wa mchele aione. Alifunga vibaya, utepe akauzungusha kinyume, nikamwambia geuza, akageuza, huku ananitazama midomo kama ninasoma kitu.

"Sasa inua."

Akachukua kitumbua cha moto, akakichoma kwenye ndoana.

"Haya, uchumi wangu huo!" shoga yangu akapiga kelele.

Shemeji akazungusha mpini. Kitumbua kikapanda, mafuta yanadondoka. Akaachia mkono, akaruka nyuma.

Kitumbua kikabaki hewani.

Akarudi, akakishusha, akakipandisha tena. Akaachia. Akasogeza jicho lake kwenye lile pipa, akaona namna leso inavyokaza mzigo unapotaka kushuka. Akaivuta kwa kidole. Ikalegea, kitumbua kikashuka kidogo. Akaachia, kikasimama. Akafanya hivyo tena na tena, mdomo wazi, kanzu yake imegusa mafuta na hana habari. Kwa jinsi alivyoinama, kisogo chake kilikuwa cha marehemu hasa, nikageuza uso wangu.

"Sasa umeona," nikasema. "Leso yako, mikono yako. Hakuna dawa. Na sanduku ni lako kwa haki. Lichukue."

Shoga yangu akashika kichwa.

Shemeji akaacha kuchezea.

"Nilikuwa nimeshakuachia," akasema.

"Nilisikia."

"Ungenyamaza lingekuwa lako."

"Najua."

"Sasa kwa nini umesema?"

"Kwa sababu si dawa."

Akakunja uso. Niliona anafikiri, na kila anavyozidi kufikiri ndivyo macho yake yanavyozidi kuwa madogo. Kama ningempiga ngumi angeelewa haraka zaidi.

"Hapana," akasema mwisho. "Kuna kitu. Mtu hatoi kitu chake mkononi hivi hivi. Unataka nilichukue." Akalisukuma sanduku na winchi yake kuelekea kwangu. "Silichukui. Litakaa hapa hapa mpaka nijue shabaha yako. Lakini ni langu, usisahau. Nitakuwa naja kulitazama."

"Karibu."

"Nitakuja Ijumaa."

"Karibu Ijumaa."

Akatoa sandukuni gia moja ya shaba, kubwa kuliko zote, akaitia mfukoni. "Hii naondoka nayo. Usije ukafanya kitu mimi sipo." Akala kile kitumbua, akaondoka.

Ijumaa akaja na gia yake. Akakaa uani, mgongo ukutani, shoga yangu katikati yetu na kikaango chake, kwa adabu, na akatazama mikono yangu bila kupepesa. Nikajenga daraja. Ijumaa ya pili akasema lile daraja limepinda. Ya tatu akasema nimpe spana anionyeshe. Muda si mrefu nikasikia kwa yule Mwarabu, nilipoanza tena kupita, kwamba kuna mtu wa mkaa kutoka Ilala anakuja kupekua debe lake, mchafu kuliko debe lenyewe, anatafuta mbavu.

Miaka imepita tangu hapo. Binti yangu ameolewa, sanduku limekuwa masanduku mawili, na kabatini kwangu kuna mizani, kuna behewa, kuna winchi ya marehemu ambayo hatuifungui kabisa, imefungwa leso ya miraba mpaka leo. Mwezi uliopita nilimaliza kitu nilichokichora mwenyewe zamani: wanawake wawili wanatwanga kinu kimoja kwa kupokezana, ukizungusha mpini mchi wa huyu unapanda, wa yule unashuka. Mikono nimeitia, miili nimeitia. Vichwa sikutia, sitaki kufanya sanamu ya kiumbe.

Shemeji akakitazama pande zote. Akainama, akatazama chini.

"Mbona hawana vichwa?"

"Sikuvitia."

"Au umevificha?"

"Shemeji, mtu afiche vichwa vya nini?"

"Mimi nitajuaje?" akasema, akazungusha mpini. Michi ikatwanga, tu, tu, tu, tu. Akazungusha mpaka jua likahama ukutani. Halafu akachomoa ile gia yake ya shaba, akaifuta kwenye kanzu, akaitia mfukoni, na mimi nikachukua bisibisi nikaitia kwenye pindo la kanga yangu, kama kila Ijumaa, maana na mimi simwachii bisibisi yule mtu.